Hadithi ya Pimbi Ilivyokatwakatwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wenye njaa. Walio nyuma kule sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, maana hadithi hii nikiianza huwa nashikwa na hasira, na nikishikwa na hasira sisimami njiani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyama vyao na wenyeviti wao, aliishi Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo. Hana pembe, hana mkia, anakaa mwambani. Lakini huyu alikuwa na hadithi. Hakuitunga kwa kutafuta sifa. Ilimkaa kifuani tangu mwaka ule wa moto.

Moto ulitokea nyikani wakati wa kiangazi. Ukaja vuuu, nyasi zikalia ta-ta-ta-ta. Nyani alikuwa amepewa kazi ya kukaa juu ya mwamba aangalie moshi. Kanga alikuwa amepewa kazi ya kupiga kelele ili wanyama wakimbie. Siku hiyo Nyani na Kanga walikuwa karamuni kwa Kiboko, wanakula, wanacheza ngoma. Hakuna aliyeangalia. Hakuna aliyepiga kelele. Moto ukamkuta mtoto wa Digidigi amelala kichakani, ukamla. Pimbi alikuwa rafiki yake. Walikuwa wakicheza pamoja kila asubuhi.

Hiyo ndiyo hadithi ya Pimbi. Aliisema peke yake mwambani. Akaisema tena. Akaipanga, akaipangua, mpaka ikakaa sawa. Majina ya walinzi hakuyataja, aliona haya.

Kisha akasikia kwamba kuna Chama cha Watunga Hadithi, kinakutana mtoni, na mwenye hadithi changa akienda hufundishwa. Pimbi akafurahi. Akachuma matunda, maana mgeni haendi mikono mitupu, akaenda.

Akawakuta wakubwa watatu. Nyani ndiye mwenyekiti. Kanga ndiye katibu. Kasuku ndiye mjuzi wa maneno. Wakala matunda, wakajipangusa midomo, wakamwambia aseme. Pimbi akaisema hadithi yake yote.

Nyani akajikuna mbavu, kwaru kwaru.

"Binti, kipaji unacho," akasema. "Lakini huyo mlinzi wa mwambani anachelewesha hadithi. Mtoe."

"Nikimtoa, mwenyekiti, watu watajuaje kwa nini moshi haukuonekana?"

"Wasikilizaji hawapendi mambo mengi. Mtoe."

Kanga naye akasema kuwa ile sehemu ya kelele zisizopigwa inachosha masikio. Kasuku akasema neno moto ni kali mno, afadhali joto. Tena mtoto kufa, akasema Kasuku, kunaharibu karamu za watu. Asife. Asafiri.

Pimbi akarudi mwambani, akakata. Akaenda tena mtoni na matunda mengine. Wakala, wakamwambia bado. Akarudi, akakata. Akaenda, wakala, wakamwambia bado kidogo. Kila alipokata, kifua kilimuuma, naye akadhani ndivyo kujifunza kunavyouma. Aliwaona wao wakubwa, akajiona yeye mdogo. Akasema moyoni, hawa wanajua.

Siku ya Kongamano Kuu ikafika. Wanyama wakaja kutoka kila upande. Tembo akasimama akaeleza namna hadithi inavyoanza. Akaeleza, akaeleza. Twiga akasimama akaeleza namna hadithi inavyokwisha. Akaeleza, akaeleza. Jua likapanda mpaka utosini, na hadithi yenyewe haijasikika hata moja. Ndipo Pimbi akaitwa, akapanda jiweni.

"Palikuwa na joto," akasema. "Mtoto mmoja akasafiri. Wenzake wakamkumbuka."

Basi. Makofi yakapigwa, pa pa pa pa! Nyani akasimama, kifua mbele, akasema hayo ndiyo matunda ya chama.

Nyuma ya umati alikuwepo Mama Digidigi. Alikuwa amesikia kwamba hadithi ya mwanawe itasemwa, akatembea kutoka mbali. Akaja mbele taratibu, akasimama chini ya lile jiwe.

"Mwanangu alisafiri kwenda wapi?" akauliza.

Akasogea hatua moja zaidi.

"Nimekuja kumsikia. Pimbi, mwanangu mmempeleka wapi?"

Pimbi akamtazama Nyani. Nyani anatazama mawingu. Akamtazama Kanga. Kanga anajichokoa manyoya. Hapo ndipo Pimbi alipoelewa. Hawakuwa wakiitengeneza hadithi. Walikuwa wakijitoa ndani yake.

Jamani, nami hapo ndipo damu hunichemka. Matunda yake wamekula. Heshima yake wamekula. Na mtoto aliyekufa kwa uzembe wao, wakamfuta hata kinywani mwa rafiki yake, wakaita mafunzo.

Pimbi alikuwa ameanza kushuka. Akapanda tena. Nyani akamwambia muda wake umekwisha, kanuni haziruhusu.

"Muda wangu mmeula mtoni," Pimbi akasema. "Leo naisema yote, na majina nayataja."

Akaisema. Moto akauita moto. Nyani akamwita Nyani, Kanga akamwita Kanga. Kasuku akapaza sauti kwamba hiyo si sanaa. Tembo akakohoa, akaondoka, na waliompenda Tembo wakamfuata. Pimbi hakunyamaza. Alipofika pale mtoto alipolala kichakani, Mama Digidigi akasema kwa sauti ndogo, "Jina lake Tunu." Pimbi akasema, Tunu alikuwa amelala kichakani. Akaendelea mpaka mwisho. Waliobaki hawakupiga makofi. Waliinamisha vichwa.

Mnataka kusikia kwamba Nyani aliondolewa uenyekiti? Hakuondolewa. Pimbi ndiye aliyefukuzwa chamani, jioni ile ile, na Kanga ndiye aliyetangaza. Siwadanganyi.

Pimbi akarudi mwambani. Siku zikapita. Asubuhi moja akaja Swala, akasimama mbali, akasogea, akasimama tena. Akasema naye alipeleka hadithi mtoni, wakamtolea hiki, wakamtolea kile, sasa hata yeye haijui. Lakini ile ya kwanza, anadhani bado anaikumbuka.

"Keti uniambie," Pimbi akasema.

Swala akaanza. Akakwama, akarudi nyuma, akachanganya. Pimbi hakumsahihisha. Swala alipoinama na kunyamaza kabisa, Pimbi akasubiri, kisha akauliza taratibu, "Ikawaje?"

Swala akainua kichwa, akaendelea.

Basi mjue, wanangu na wazee wangu: mtu akikwambia kata hapa katika hadithi yako, mtazame kwanza anaficha nini. Na mwenzio akikuletea hadithi yake, msikilize mpaka imalizike.

Hadithi yangu inaishia hapa. Anayetaka kuikata, aje aikate mbele yenu.