Tawi la Zimwi

Nawatupia! Tegeni masikio mdake.

Mboni alikuwa na shamba la mihogo, na nguruwe mwitu walikuwa wakimmalizia. Siku moja akapita zimwi, akamkabidhi tawi lenye maua mekundu.

"Panda hili, nguruwe hatapita. Ila usimgawie mtu."

Akalipanda. Baada ya siku tatu ukasimama uzio wa miiba, nguruwe wakakoma. Majirani nao wakaja kuomba. Kijijini kwao mtu hanyimwi mbegu. Anayenyima huitwa mchawi. Basi Mboni akampa jirani, akampa shemeji, akampa na mama yake.

Siku ya saba miiba ilikuwa imesonga mihogo na kuziba njia ya kisimani. Mboni akamkimbilia zimwi.

"Ng'oa yote kabla jua halijazama," zimwi akasema. "Likibaki tawi moja, yote yatarudi."

Aling'oa kwake, mikono ikachuruzika damu. Akang'oa kwa jirani, jua likainama. Akang'oa kwa shemeji, jua likagusa mlima. Akafika kwa mama yake akihema.

"Mama, lile tawi nililokupa umelipanda wapi?"

"Sikulipanda. Nilimpa Sikudhani, yule aliyeolewa juzi ng'ambo ya mto. Bibi harusi aende ugenini mikono mitupu, mwanangu?"

Mboni akageukia ng'ambo. Kilima kizima kilikuwa chekundu. Na pale pale, katikati ya miguu yake, ardhi ikapasuka na mwiba ukachomoza.

Mzigo wangu nautua hapa. Atakayewapelekea wa kwao, aufungue kwanza autazame.