Vipimo Vinne vya Mchochezi

Hapo zamani, katika mji wa Mkunguni, Mwanahawa alimwambia mumewe Shekue, mshona kofia asiye na kitu, "Bwana we, inuka, umekalia uzi wangu." Shekue akainuka, na papo hapo askari wakaingia, wakamchukua Mwanahawa.

Kosa lake lilikuwa kumpa maji mgeni aliyebandika sokoni karatasi za kumkejeli Sultani. Mgeni huyo alikuwa amekamatwa, akapigwa picha, akapimwa mwili, kisha akatoroka. Picha ilitoka ukungu mtupu, kwa kuwa alikuwa akicheka. Ikawa vimebaki vipimo vinne tu: kichwa, sikio, kidole cha kati na mguu, vilivyochukuliwa na Bwana Mpimaji, mtaalamu aliyeletwa kutoka ng'ambo kwa mshahara mnono.

"Vipimo hivi havipatikani ila kwa mchochezi," akaapa Mpimaji.

Basi Sultani akamwita Shekue. "Nakupa siku saba. Niletee vipimo hivi vinne, kisipungue hata kimoja. La sivyo, mkeo atafia gerezani."

"Nilete vipimo, maulana?"

"Vipimo! U kiziwi?"

"Sijui, maulana. Sikio langu halijapimwa."

Shekue akaenda kwa kinyozi, kwa sonara na kwa fundi wa makubazi, akanywa kahawa yao, akaulizia maumbile ya wateja wao wakubwa. Siku ya saba akaingia barazani peke yake.

"Yu wapi mchochezi?" akauliza Sultani.

"Maulana, mguu wake anao Waziri."

Mguu wa Waziri ukapimwa, ukawa sawasawa.

"Kidole chake anacho Kadhi."

Kikapimwa, kikawa sawasawa.

"Na sikio analo Bwana Mpimaji mwenyewe."

Mpimaji akasema kuwa chombo chake kimepinda tangu jana. Sultani akaamuru apimwe kwa chombo hicho hicho, na sikio likawa sawasawa.

"Na kichwa?"

Shekue akainamisha uso. "Maulana, kofia uliyoivaa niliishona mimi."

Sultani akaishika kofia yake kwa mikono miwili, wala hakutaka kupimwa. Akacheka, kwa kuwa hakubakiwa na la kufanya, na waliokuwapo wakacheka baada yake, si kabla.

"Mfungulieni mkewe," akasema, "asije akatuletea na kiuno."

Kesho yake alfajiri Shekue alikuwa mlangoni pa gereza. Mwanahawa akatoka amekonda, kichwa kimenyolewa. Mlinzi akaja na kadi ya vipimo vyake na kamba ya kupimia, akasema lazima apimwe kwanza, ihakikishwe kuwa ndiye.

"Ndiye," akasema Shekue, akamshika mkono, wakaenda zao.