Mbuzi Walivyoachwa na Mdhamini

Paukwa!

— Pakawa!

Aka! Mnaitikia kama mmefungwa mabao matano nyumbani. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa mpo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ligi yao, palikuwa na timu ya mbuzi. Timu hiyo iliitwa Pembe. Ilicheza, ikashinda. Ikacheza tena, ikashinda tena. Mashabiki wake walikuwa mbuzi watupu, isipokuwa Kondoo mmoja aliyejipachika tu.

Mbuzi hao walikuwa na desturi yao. Timu ikifunga, hawapigi makofi. Makofi watayapigaje na kwato? Wanakula. Bao likiingia, kila shabiki anatafuna kilicho mbele yake. Goooli! Nyam-nyam-nyam! Kofia, kamba, mkia wa jirani, twende!

Timu ilikuwa na mdhamini, Kampuni ya Asali ya Nyegere. Nyegere alinunua jezi. Nyegere alilipia uwanja. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake lionekane. Basi akauzungushia uwanja mabango ya majani ya mgomba, jina limeandikwa kwa mkaa.

Siku moja, msimu uko katikati, akaja Kasuku, msemaji wa kampuni. Akatua juu ya goli. Akasema, "Kampuni imejitoa. Mkataba umevunjwa. Asanteni, kwaherini." Puru! Akaruka.

Mbuzi wakaachwa midomo wazi. Bila mdhamini, hakuna uwanja. Bila uwanja, mechi ya Jumamosi dhidi ya Kuku inachezwa kwa Fisi. Na kwa Fisi mnakujua? Timu huenda wachezaji kumi na mmoja, hurudi saba, na hakuna aliyepewa kadi nyekundu.

Aliyeumia zaidi ni Mama Mashavu, mwenyekiti wa mashabiki. Mwanawe Kidari ndiye golikipa, tena kijana amenona. Kila asubuhi Fisi alipita akiuliza, "Mama Mashavu, golikipa wetu hajambo? Anakula vizuri? Msimkimbize sana, atapungua."

Mkutano ukaitishwa. Makelele, we acha tu!

"Tumehujumiwa!"

"Ni Kuku hao! Wametupiga ndumba!"

"Tususie asali!" akapayuka Beberu mzee.

"Lakini sisi hatuli asali," akasema Kondoo.

"Basi tuanze kuila leo, ili kesho tuisusie!"

"Sawasawa!" wakaitikia wote.

Kondoo akauliza tena, "Jamani, kuna aliyemuuliza Nyegere sababu?"

"Hebu nyamaza! Shabiki wa juzi wewe!"

Wakaandamana. Kwa! kwa! kwa! Kila mmoja amechomeka bango la jani kwenye pembe zake. NYEGERE MSALITI. RUDISHA UWANJA. Moja liliandikwa TUNAOMBA CHUMVI, lakini huyo ni Beberu mzee. Kila maandamano anakuja na bango hilohilo.

Nyegere akatoka mlangoni, sega la asali mkononi. "Karibuni. Kuna nini tena?"

"Umetusaliti!" akafoka Mama Mashavu. "Mkataba ulisema mpaka mwisho wa msimu!"

"Na mkataba ulisema jina langu lionekane. Mabango yangu yako wapi?"

"Yapo uwanjani!"

"Yapo?" Nyegere akavuta pumzi. "Goooooli!"

Nyam-nyam-nyam! Kila mbuzi akala bango la aliye mbele yake. Hakuna bango hata moja. Hata lile la chumvi limekwenda.

"Mnaona?" akasema Nyegere kwa huzuni. "Kila mkifunga, mnanila. Na nyinyi mnafunga sana."

Mama Mashavu akameza. Aibu ikamshika, masikio yakamlala. "Mzee Nyegere, kosa ni letu. Tumekutukana bure. Lakini mwanangu ndiye golikipa. Nisaidie, nakuomba."

Nyegere akakuna kichwa. "Jumamosi nitaweka bango moja. Moja tu. Likifika mwisho wa mechi, narudi, tena vijana wenu nawasindikiza mwenyewe mpaka nyumbani. Fisi ananijua. Mkilila, shauri yenu."

Jumamosi ikafika, mechi ikachezwa kwa Fisi. Fisi yuko mbele kabisa, kitambaa cheupe shingoni, anameza mate. Pembeni yake limesimama bango, mbele ya mashabiki. Jani bichi, jamani! Linang'aa!

Pembe wakafunga. Goooli! Midomo ikafunguka.

"Fungeni midomo!" akalia Mama Mashavu. "Mkumbukeni Kidari!"

Wakafunga. Machozi yakawatoka. Mate yakawatoka zaidi.

Dakika ya mwisho, penalti kwa Kuku. Jogoo akarudi nyuma, akaja, akapiga. Pwa! Kidari akaruka huku, akadaka! Filimbi ya mwisho, priii!

Sasa nani angewazuia? Mama Mashavu mwenyewe alipagawa. Akafumba macho, akajirusha mbele, na mashabiki wote nyuma yake. Nyam-nyam-nyam!

Vumbi likatulia. Bango limesimama, halijaguswa hata ncha. Fisi naye amesimama, shingo tupu. Kitambaa hakipo. Sharubu hazipo. Manyoya ya mgongoni, hola.

"Jamani," akasema Fisi, sauti inamtetemeka, "mimi ndiye niliyekuja kula!"

Nyegere alicheka mpaka akakaa chini. Akarudi kuwa mdhamini, ila mkataba mpya aliuandika juu ya jiwe. Kidari akafika nyumbani mzima, na mama yake akamkumbatia, akamtafuna kidogo sikio kwa furaha.

Basi wakubwa na wadogo, nisikilizeni. Mwenzio akikuacha, kabla hujapiga kelele kwamba umeonewa, angalia kwanza wewe umetafuna nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, na naificha upesi, mbuzi wasije wakaila.