Baiskeli Iliyooshwa Kama Keni

"Laki nane hutaiona, na baiskeli zako utazibeba mgongoni," alisema Mama Subilaga, tena hakusema kwa mdomo mtupu. Alisema kwa kipaza sauti, siku ya gulio, mbele ya wauza ndizi, wauza viazi na kila aliyekuja kununua chumvi.

Asegelile, fundi wa baiskeli, alikuwa amejibanza chini ya turubai la muuza mitumba, maji ya mvua yanamchuruzika kisogoni. Yeye alijibu kwa sauti aliyozaliwa nayo, kwa hiyo waliomsikia ni wa karibu tu.

"Mvua haijaua baiskeli yoyote hapa."

"Kumbe zimekufa na nini? Zimerogwa?"

Kipaza sauti kikapiga mluzi, watu wakacheka. Halafu mama akalitamka lile neno. Akasema huyu fundi ni tapeli. Neno likashuka bondeni kabla ya watu, na jua halijazama mtu mmoja alikuwa ameshafika kwenye banda la Asegelile kudai pesa ya tairi aliyonunua mwaka juzi na kuitumia mpaka ikaisha meno.

Ngoja nieleze vizuri, maana wengine husambaza hadithi yenye kichwa bila miguu.

Hii ni Rungwe, milimani, ambako mvua haiulizi huu ni mwezi gani. Wafugaji wa kijiji hicho wako bondeni na ng'ombe wao, lakini tangi la kupozea maziwa liko juu, kwenye barabara ya lami. Kila asubuhi maziwa hupandishwa kwa njia ya udongo unaoteleza. Ukibeba kichwani, hufiki. Ukipakia pikipiki, unafika ila nusu umeyamwaga. Na gari la kiwanda likishaondoka, maziwa yaliyochelewa ni ya paka.

Ndipo chama chao cha maziwa kikanunua kwa Asegelile baiskeli nne za umeme, zile za mlimani, tairi nene, mota iko hapo kwenye pedali. Unakanyaga, nayo inakusaidia kukanyaga. Walilipa sehemu kubwa, laki nane ikabaki mpaka masika yaishe. Sharti hilo hakulazimishwa na mtu. Fundi alilitoa mwenyewe kwa kiburi chake: zikifa kwa mvua, asidai hata shilingi.

Siku ya kuzikabidhi aliwaeleza namna ya kuzitunza. Matope yaachwe yakauke, yapanguswe kwa brashi. Kisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Cheni ipakwe mafuta. Betri ichomolewe, ifutwe kwenye meno yake, isichajiwe ikiwa na maji. Kijito kikijaa, shuka usukume. Aliyasema yote hayo mara moja, mbiombio, kikombe cha chai mkononi. Mzee mmoja alipomwomba arudie, akajibu kwamba yeye si redio.

Sasa mjue Mama Subilaga. Ni mwenyekiti wa chama, mama wa hamsini na kitu, miguu ya mtu aliyekulia mlimani. Kwa usafi hana mchezo. Keni, yale makopo makubwa ya kubebea maziwa, ukimletea yenye harufu anamwaga maziwa yako hapo hapo na kukupa pole. Keni kwake huoshwa kwa maji ya moto, sabuni, brashi, halafu maji mengi ya nguvu. Kwa ukali huo chama chake kimepata jina, na kiwanda hakijawahi kurudisha maziwa yao hata siku moja.

Kwa hiyo alipoona baiskeli zinafika zimejaa matope, alitoa amri ambayo mtu yeyote wa maziwa angeitoa. Kinachobeba maziwa kioshwe kama keni.

Jirani na tangi pana kijana anayeosha magari kwa ile mashine ya presha, inayopiga maji mpaka rangi inabanduka. Kila jioni baiskeli zikawa zinapangwa pale. Maji ya moto, povu, brashi, kisha mashine, toka juu mpaka kwenye mota. Zikang'aa hata ukajiona.

Ya kwanza ikafa. Ya pili ikaifuata.

Asegelile alitaka kuzifungua aone kilichomo. Mama Subilaga akazifungia stoo na kuweka ufunguo kiunoni. Alisema muuaji hapewi maiti aipasue.

Zikabaki mbili. Moja ni ya mama mwenyewe. Nyingine ni ya Lugano, mama kijana mwenye mtoto mchanga, ambaye kila wiki alikuwa akigombezwa kwa uchafu. Hakuwa na elimu yoyote ya mota. Alikuwa anawahi kunyonyesha, basi, hana muda wa kupanga foleni ya kuosha. Akifika kwake anaipangusa baiskeli kwa kipande cha kanga kuukuu na kuiegemeza ukutani.

Turudi gulioni. Asegelile alipoona watu wanamcheka, damu ikampanda. Akatoka chini ya turubai, akasimama mvuani.

"Ijumaa," akasema. "Yako inayooshwa na ya Lugano isiyooshwa. Keni zijae, mtoke bondeni mpaka kwenye tangi, mvua inyeshe itakavyo. Ya Lugano ikifa njiani, nazichukua zote nne, laki nane nimesamehe, na banda langu nafunga. Mtatafuta fundi mwingine."

"Na yangu ikifa?"

"Wewe ni mtu mzima, Mama. Utajua la kufanya."

Hapo ndipo alipoweka riziki yake yote kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Na Lugano mwenyewe, niwaambie, hakuna aliyemwuliza kama anakubali.

Ijumaa mvua ikaja kama imealikwa. Watu walijaa pale juu kwenye tangi, wengine na miavuli, wengine na majani ya migomba kichwani. Asegelile alikuwa katikati yao, mikono kifuani, ametulia kabisa. Alikuwa na uhakika. Wanawake walikuwa wanasimuliana kwamba wiki nzima Mama Subilaga ameifunika baiskeli yake kwa gunia uani, na ukimwuliza anasema anaikinga na macho ya watu.

Wa kwanza kutokea alikuwa Lugano. Alikuwa anapanda vizuri, hana haraka, anakanyaga taratibu na kuiacha mota ifanye kazi yake, tairi zinang'ata udongo. Nyuma yake kwa mbali alionekana Mama Subilaga, ameketi wima kama anayekwenda ibadani.

Asegelile akatabasamu. Akamgeukia yule wa tairi ya mwaka juzi, akamwuliza kama bado anataka pesa yake.

Kwenye kona ya mwisho baiskeli ya Lugano ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikanyamaza.

Lugano akaruka chini, akazikumbatia keni zisianguke. Akazungusha pedali kwa mkono, akabonyeza swichi, hakuna kitu. Mama Subilaga akampita polepole, akapanda mpaka kwenye tangi, akashuka, akamimina maziwa yake bila kumwaga tone. Vigelegele vikapigwa. Akajifuta uso kwa upande wa kanga yake, akamtazama fundi.

"Mgongo wako uko wapi, fundi? Baiskeli zinakusubiri."

Watu walicheka sana. Wewe ungefanya nini? Wengi tungeanza kupayuka. Asegelile, na hasira zake zote, alikwenda kutazama. Alishuka mpaka kwenye kona, mwenyekiti na watu nyuma yake, akainama, akachomoa waya mnene unaoingia kwenye mota.

Yakadondoka maji, na maji yale yalikuwa na povu jeupe.

Akachovya kidole, akanusa. Akamnyooshea mwenyekiti kidole kile, naye mwenyekiti akanusa, kwa sababu hakuna pua kijijini inayoijua ile sabuni kama yake.

"Mvua ya Rungwe siku hizi inakuja na sabuni?" Asegelile akauliza.

Lugano akainamisha kichwa. Alikiri kwamba jana jioni, watu walipokwisha kuondoka, aliipeleka kwa kijana wa magari akaipiga maji ya moto, sabuni na mashine, tena mara mbili. Alisema alijua kijiji kizima kitakuja kumtazama, na mama yake mzazi yumo.

"Ningepitaje mbele za watu na baiskeli ya matope," akasema, "kama mtu asiye na kwao?"

Basi watu wakagawanyika. Wengine wakasema imeonekana, kilichoua ni kuosha. Yule wa tairi akasema hapana, msitubabaishe. Ya Lugano imeoshwa siku moja ikafa, lakini ya mwenyekiti inaoshwa kila siku na imefika. Kwa hiyo hizi baiskeli ni mbovu tu, moja ina bahati, nyingine haina. Na makubaliano ni makubaliano.

Maneno yake yalikuwa na nguvu, tusidanganyane. Asegelile alikuwa ameshindwa kwa mdomo wake mwenyewe. Banda lilikuwa linafungwa.

Akarudi juu kwenye tangi, watu wakamfuata, akaiinamia baiskeli ya mama. Haikuwa na la kumwambia, mvua ya njiani ilikuwa imeshaisafisha kuliko mashine. Akanyanyuka, akamtazama mwenye baiskeli.

"Mama, nakuuliza mara moja tu. Hii yako ilioshwa lini mara ya mwisho?"

Watu wakasogea karibu.

Hapo sasa. Mama Subilaga alitakiwa aseme neno moja tu, "jana", na mambo yangeisha. Hakuna ambaye angejua. Baiskeli ilikuwa uani kwake, chini ya gunia lake. Angebaki na laki nane, na ushindi, na heshima ya kipaza sauti.

Lakini huyu ni mtu aliyemwaga maziwa ya wenzake kwa kosa la maji kidogo ndani ya keni. Amemwaga ya shemeji yake. Amemwaga ya mchungaji. Alitazama keni zake, akatazama watu.

"Jioni ya kuamkia gulio," akasema. "Haijaoshwa tena."

Akaeleza mwenyewe, bila kusukumwa. Siku ile anamtukana fundi, baiskeli yake ilikuwa imeshaanza kukohoa mlimani, na hakumwambia mtu. Alipofika nyumbani aliwaza, kama uchafu ni dawa, ngoja na mimi nitie dawa kimyakimya. Akaiacha na matope yake, akaifunika gunia watu wasione. Ikakauka. Ikaacha kukohoa. Tangu hapo alijua fundi anasema kweli, na bado leo amepanda mlima kuja kumshinda.

Mtu mmoja akacheka. Mama akamtazama, akaacha.

Akamgeukia Asegelile. "Ndaga, fundi," akasema, ndiyo ahsante ya kwao. "Laki nane yako iko ofisini, twende uichukue. Na samahani nakuomba hapa hapa, hawa wanasikia. Ila na wewe usikie lako. Mambo makubwa kama yale ulitueleza na kikombe cha chai mkononi, ukaondoka."

Asegelile akakubali kwa kichwa.

"Hilo ni langu," akasema. "Nitarudia mpaka mtoto wa Lugano aelewe."

Watu wakaona imekwisha. Wakaanza kukunja miavuli, wengine wanamsaidia Lugano kusukuma keni zake mpaka kwenye tangi kabla gari halijaja. Mama Subilaga akamnyooshea fundi mkono wa mapatano.

Asegelile hakuupokea bado.

"Pesa nitachukua, Mama, sijaikataa. Na samahani yako nimeisikia. Lakini hapa tuko watu wa maziwa tu. Tapeli uliniita mbele ya gulio zima, kwa kipaza sauti, na aliyekuwa mbali alisikia kama aliyekuwa karibu. Kesho ni gulio. Nataka kipaza sauti kile kile, sauti ile ile, na uanze na jina langu."

Funzo: Jina la mtu lililochafuliwa hadharani halisafishwi chumbani. Kama kuna mtu umemsema vibaya mbele ya watu na baadaye ukajua hakukosa, usimfuate faraghani na samahani ya kunong'ona. Rudi pale pale uliposemea, useme kwa sauti ile ile, leo.