Handaki la Chilumba

"Udongo wa ukingoni hauongezi kina cha shimo." Mmemsikia babu yenu Machibya akimwambia fundi wa choo maneno hayo, mkacheka, sasa mnaniuliza kayatoa wapi. Basi kaeni, yana kwao.

Machibya, kaka yangu, alikuwa na miaka kumi na tisa vita vilipoanza. Akapelekwa kambini kujifunza uaskari. Kukimbia na gogo begani, kula maharage yenye mawe, hayo aliyazoea. Rafiki yake huko alikuwa Chilumba, kijana wa Masasi, mwembamba kama ufito na mwingi wa utani.

Siku moja makuruti waliambiwa kila mtu achimbe handaki lake, limfike kifuani, ajifiche humo ndege za adui zikija. Jioni sajenti angepita na fimbo ya kupimia. Ambaye shimo lake halijatimia, hatakula mpaka litimie.

Ardhi ile ilikuwa changarawe tupu. Alasiri Machibya alikuwa amemaliza, maana sisi Wasukuma tumekua na jembe. La Chilumba lilikuwa bado mapajani, na viganja vimechubuka mpaka mpini wa sururu una damu.

"Msukuma, nisaidie," akasema. "Sisi kwetu tunaokota korosho, hatuchimbi visima."

"Nimechoka, mtani wangu. Huo udongo uliotoa, urundike ukingoni, uushindilie vizuri. Fimbo itapima kuanzia pale juu."

"Na afande akigundua?"

"Afande anataka fimbo izame. Ikizama, mmeachana."

Chilumba akacheka, akarundika. Sajenti akapita, akatumbukiza fimbo, ikazama. Wote wawili wakala ugali.

Asubuhi yake, wakiwa kwenye uji, ndege ikaja kweli. Kila mtu akakimbilia shimo lake. Bomu lilianguka kando ya uwanja, na kishindo chake kikalipeperusha rundo la Chilumba kama pumba. Shimo likabaki lile lile la mapajani. Hata alipochuchumaa, kichwa kilikuwa nje. Chuma cha bomu kikampata hapo hapo.

Aliyemchimbia kaburi ni Machibya, na hakuna aliyemwamuru. Alichimba mpaka sajenti akamwambia, "Inatosha, kuruti. Pumzika, umechoka."

"Sijachoka, afande. Hata jana sikuwa nimechoka. Nilikuwa nawahi foleni ya maji ya kuoga."

Na sajenti naye alikuwa ameiangalia fimbo tu, shimo hakuliangalia.

Vita vilipokwisha kaka yangu alisafiri hadi Masasi, akamweleza mama yake Chilumba yote, hata lile la maji ya kuoga. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea chakula. Machibya anasema angetukanwa, angelala usingizi.

Kwa hiyo mkimsikia tena, msicheke. Udongo wa ukingoni hauongezi kina cha shimo.