Aliyeonja Sufuria ya Kwao

Mtu mmoja alikuwa na mwiko. Si mwiko wa kusongea ugali wa watu wawili, la. Ule mrefu wa kugeuzia pilau la ukoo mzima siku ya shughuli. Mtu huyo aliitwa Semboja. Kwao, mshika mwiko akisema chumvi bado, ni bado, hata bwana harusi atangoja.

Siku moja wazee wa ukoo wakauchukua mwiko wakampa Mhina, mpwa wake. Semboja wakamwambia akae mkekani na wageni, ale, ashukuru. Jamani! Mtu aliyezoea kusikilizwa, umwambie ale anyamaze? Ilimuuma sana. Tangu siku hiyo pilau la kwao halikumpita kooni.

Ng'ambo ya njia waliishi akina Mgaza, mahasimu wao wa shughuli tangu enzi za mababu: huku wakichinja mbuzi, kule wanachinja ng'ombe. Walipomwona amenuna, hawakupoteza muda. Wakamwita barazani, wakampa kiti chenye mto na kahawa, kisha wakatulia wamsikilize. Mwanzoni alisema kweli tupu: Mhina hutia chumvi mara mbili, kwa kuwa husahau ile ya kwanza. Watu wakacheka wakashika mbavu. Na kila aliposema, alitanguliza kwamba yeye ni mtoto wa nyumba ile na anawapenda, ndiyo maana anasema. Maneno hayo akina Mgaza waliyapenda kuliko kahawa yao wenyewe. Wakawa wanawaambia wapita njia: si sisi tunaosema, mwenyewe wa huko huyu hapa!

Semboja hakuwa mjinga. Aliona kwamba akisema wali wa kwao umeungua, huletewa paja la kuku. Akisema mchuzi ulikuwa mtamu, watu hutazama dari na kahawa huchelewa. Basi mchuzi wa kwao ukaacha kuwa mtamu. Hata maneno yalipomwishia, akamsema dada yake, Mboni: kwamba kila shughuli huiba minofu, akaificha chumbani kwenye sahani, chini ya kawa. Siku hiyo walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Na Mboni alikuwa akipita njiani na ndoo yake ya maji, akasikia yote.

Ikaja shughuli ya akina Mgaza wenyewe. Pilau lao likaungua, harufu ikafika msikitini. Semboja, kwa mazoea, akachota, akaonja, akatangaza mbele za watu kwamba hili nalo limeungua. Hakuna aliyecheka. Mgaza akamsimamisha, akauchukua mto wake, akaukung'uta vumbi, akasema:

"Bwana Semboja, sisi tulikupa kiti utuonjee sufuria ya kwenu, siyo yetu."

Kiti hakijapoa, mara huyo Mhina anavuka njia, uso umemvimba kwa hasira. Kwao walikuwa wamempokonya mwiko, kwa sababu ya chumvi ile ile. Mto ukarudishwa kitini, kahawa ikamiminwa. Mhina akaketi, akakohoa kidogo, akatanguliza kwamba yeye ni mtoto wa nyumba ile na anawapenda.

Semboja akarudi kwao na njaa yake. Akaingia chumbani kwa dada yake, akafunua kawa. Sahani tupu. Mboni alikuwa mlangoni, akasema: "Tangu siku ile nilipopita na ndoo, sikuwekei tena." Hapo ndipo Semboja alipoelewa, na machozi yakamtoka mtu mzima: minofu ile ilikuwa yake yeye. Dada yake alikuwa akimwekea, kwa kujua kwamba kaka yake akinuna hali, na yeye hakuja kuila hata siku moja, kwa kuwa alikuwa kwa watu akitafuna paja la kuku.

Haya, chekeni. Lakini wewe uliyeshika mwiko leo, siku wazee wakiuchukua, utakwenda kukalia kiti cha nani?