Siku Darubini za Sultani Zilipoinama

Alitawala zamani katika mji wa Kuzamati Sultani Ghalibu bin Shamlani, na juu ya jabali lililoutazama mji akajenga nyumba ya falaki, akaijaza darubini za shaba na za fedha, ndefu kama milingoti, na ndani ya kioo cha ile kubwa kuliko zote alikuwa amefungwa jini Tamrashi kwa kiapo cha kutii kila neno la sultani. Mtunzaji wa nyumba hiyo alikuwa Salha, bibi mwanafalaki, aliyevaa nguo za msiba tangu alipoambiwa kwamba mchumba wake Haidari, mtoto wa marehemu kaka yake sultani na mrithi wa kiti, amekufa kwa tauni na amekwisha kuzikwa.

Sasa kiburi si maungwana. Alasiri moja sultani aliwapandisha jabalini mabalozi wa falme jirani, ili jua likitua waione nyota yake, akamwambia Salha, "Utaapa mbele yao kwamba nyota yangu ndiyo kubwa mbinguni. Ukikataa, kichwa chako nitakirusha bondeni."

"Ewe bwana wangu," akajibu Salha, "nyota hiyo sijaiona kamwe, na kuapia uongo siwezi."

Sultani akaghadhibika, wala hakungoja jua litue. "Ewe Tamrashi! Zielekeze darubini zote kwa mwenye haki ya kiti hiki, ulimwengu umjue!"

Laiti angaliuma ulimi! Darubini zote zikalia katika bawaba zake, zikainama, naam, zikaipa mbingu kisogo, zikaelekea bondeni kwenye gofu la mnara lisilokaa mtu. Mabalozi wakapigwa na bumbuwazi. Salha akaweka jicho, akapiga ukelele uliowasisimua watu miili, kwani dirishani mwa mnara alisimama kijana, ndevu zimefika kifuani na minyororo mikononi, anaota jua. Ndiye Haidari!

"Ole wangu! Miaka yote hii nimelilia kaburi la nani?" akauliza Salha. "Ulizika nini katika sanda ile, bwana?"

"Gogo la mgomba," akasema sultani.

Askari waliokuwa wakimlinda ndio waliomvua kilemba. Haidari akafunguliwa, akatawazwa, akamwoa Salha kwa harusi iliyomwaga lulu barabarani, na Tamrashi akapewa uhuru wake. Njia ya mwongo fupi, enyi wasikilizaji. Ghalibu hakuuawa, alipewa kitambaa awe mfuta vioo, na kila asubuhi uso wa kwanza aliokutana nao kiooni ulikuwa wake, akaufuta kwa nguvu, na haukufutika.